Kibwagizo cha Mkwakwani

Jumamosi ya tarehe 1 Machi 2025, katika siku zile za kuandama kwa mwezi wa Ramadhani, kibanda umiza kimoja cha Bagamoyo, si mbali na soko la samaki, kilijaa watu hadi mlangoni. Kwa mujibu wa ratiba ya Ligi Kuu, mwenyeji alikuwa Coastal Union ya Tanga na mgeni wake Simba ya Dar es Salaam. Lakini mwenyeji huyo hakuwa kwake. Mchezo ulifanyika Arusha, mji usioonja upepo wa chumvi, zaidi ya kilomita 400 kutoka Mkwakwani; kwani katika sehemu ya msimu ule uwanja wa Tanga haukutumika, na klabu ikawa kama mpangaji anayehamahama na vyombo vyake kichwani.

Nyuma kabisa ya kibanda, kwenye benchi lililoegemezwa ukutani, alikaa fundi mmoja wa mashua, mzee wa miaka sabini na ushei, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Alihamia Bagamoyo mwanzoni mwa miaka ya tisini, baada ya kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kufungwa, akarudia ufundi wa babu zake wa kupasua mbao na kutia kalafati. Katika mfuko wa shati alikuwa na kadi ya uanachama wa Coastal, imechakaa pembe zote nne. Ubavuni pake alikaa mpwa wake, kijana wa bodaboda, aliyezaliwa hapa hapa Bagamoyo na kukua akiwa Simba.

Mshambuliaji Mganda wa Simba, Steven Mukwala, alifunga bao la kwanza. Kibanda kikalipuka, na kutoka kwenye televisheni ukaja mlipuko mwingine mfano wake, kana kwamba Arusha na Bagamoyo zimekuwa kibanda kimoja. Mzee hakutikisika. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza mbao iwapo ina ufa.

"Umesikia?" alimwuliza kijana.

"Nimeona, mjomba. Goli safi."

"Sikukuuliza kuona. Nimekuuliza kusikia. Upande wetu umesikia sauti ya mtu hata mmoja?"

Kijana hakuwa na jibu, au alikuwa nalo akaona haya kulitoa. Mukwala akafunga la pili, kisha la tatu, na mchezo ukaisha 3 kwa 0. Mzee aliondoka bila kusema neno juu ya mabao. Yaliyomkera ni mengine.

Mpenzi wa mashairi hatakosa kuiona kejeli iliyojificha mahali pale. Uwanja ule wa Arusha unaitwa kwa jina la Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Akawa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere, na akafariki mwaka 1964 angali katika umri wa nguvu. Vizazi vya wanafunzi vimepimiwa vina na mizani kwa kipimo chake. Lakini katika shairi kuna kitu ambacho sheria peke yake haikitoshelezi, nacho ni kibwagizo. Mtunzi hukiandika, ila wanaokipa uhai ni wengine. Katika ngoma za Mrima manju hutoa, na watu hupokea. Wasipopokea, manju hugeuka mtu anayesema peke yake barabarani. Watu wa Bagamoyo hulieleza jina la mji wao kwa kubwaga moyo, wakabishana kama ni wapagazi waliobwaga kwa raha ya kufika pwani au watumwa waliobwaga kwa uchungu wa kuiacha bara. Kibwagizo nacho kina shina hilo hilo: ubeti unabwagwa chini, na mwenzako anauokota.

Siku ile, katika uwanja wa mwenye sheria za ushairi, Coastal ilibwaga na hapakuwa na wa kuokota.

Baada ya magharibi mjomba na mpwa walikwenda kwa bibi mmoja anayekaanga samaki pembezoni mwa soko. Naye ni wa Tanga, aliyeletwa Bagamoyo na ndoa na kubakishwa na ujane. Fundi humwita dada, naye humwita kaka, ingawa hawana nasaba. Nasaba yao ni jukwaa. Katika miaka ya themanini bibi huyu alikuwa akiuza karanga Mkwakwani, na mara nyingi karanga zilikaa chini wakati yeye amesimama. Alikuwa na sauti. Hakuna aliyemteua kuwa manju, lakini alipoanza, upande mzima ulipokea.

"Tumefungwa ngapi?" aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye karai.

"Tatu."

"Na watu?"

"Hawakuwapo."

"Basi hiyo ndiyo habari," akasema bibi, akageuza changu upande wa pili.

Kijana alicheka. Akasema wazee hawa wanaomboleza kelele badala ya kuomboleza pointi. Mzee akamwambia akae chini asikilize. Ikawa usiku wa kusimuliana, na kwa kuwa wateja wengi walikuwa wamekwisha kwenda zao msikitini au majumbani, hapakuwa na wa kuwakatiza.

Tanga haikufundishwa kushindana na mpira. Kabla ya mpira kushika, miji ya Mrima ilikuwa imegawanyika kwa beni, Marini upande huu na Arinoti upande ule, kwa mavazi, gwaride, nyimbo na karamu za kumkomoa jirani. Baadaye ukaja wakati wa taarabu, Black Star na Lucky Star, na mtu wa Tanga alijulikana kwa klabu yake kama anavyojulikana kwa mtaa wake. Mji uliomzaa Shaaban Robert ulipenda kusema, na zaidi ulipenda kujibiwa. Coastal Union, iliyoundwa mwaka 1948, na African Sports, watani wake wa jadi, ziliurithi mchezo huo wa zamani na kuupa mpira. Wagosi wa Kaya upande mmoja, Wana Kimanumanu upande mwingine. Ndugu wa tumbo moja wakila sahani moja mchana na kutosalimiana jioni.

Bibi alieleza jambo ambalo wachambuzi wa redioni hawalisemi. Nyimbo za Mkwakwani, alisema, hazikuwa za kuisifu Coastal. Zilikuwa za kumfumba Sports. Na fumbo lina sharti. Anayefumbwa lazima alielewe, na walio pembeni wajue kuwa amelielewa. Ukimwimbia mtu wa Dar es Salaam habari ya ndoa iliyovunjika Barabara ya Kumi na Mbili, atakutazama tu. Mtu wa Sports hakutazami. Atakwenda kulala nalo, na mchezo ujao atarudi na jibu linalokuchoma hadi kwa mama mkwe.

"Kwa hiyo kilichokufa kwanza," akasema, "si sisi. Ni mwenzetu. Sports ilipozama, sisi tukabaki tunalumbana na ukuta."

Maneno hayo yana uzito kuliko yanavyoonekana. Ni desturi kuisimulia Tanga ya mpira kwa mwaka 1988, mwaka ambao Coastal Union ilitwaa ubingwa wa Tanzania, na msomaji wa Unguja atakumbuka kuwa mwaka uliofuata, 1989, ubingwa huo ulivuka maji ukaenda kwa Malindi. Zilikuwa nyakati ambazo kikombe kilijua njia ya kutoka Dar es Salaam. Lakini mwaka ulioamua mengi ni 2016. Mkoa wa Tanga ulianza msimu wa 2015/2016 ukiwa na timu tatu katika Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports iliyokuwa imepanda karibuni, na Mgambo ya JKT. Msimu ulipokwisha zote tatu zilishuka daraja. Timu tatu kutoka mkoa mmoja, katika msimu mmoja. Yaliyosemwa siku zile ni mengi, juu ya viongozi, fedha na waamuzi, na mengine hayafai kurudiwa penye samaki wanaokaangwa.

Coastal ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2018/2019, ikiongozwa na kocha Juma Mgunda, ambaye alikuwamo katika kikosi cha 1988. Sports haikurudi, hadi msimu wa 2024/2025 ilikuwa bado nje ya Ligi Kuu. Hivyo waliorejea walikuta nusu ya uwanja haina mwenyewe.

Hapo kijana aliingia. Alikuwa ameanza kwa kutania, lakini sasa alizungumza kwa makini, na ni haki kusema kuwa alizungumza vizuri.

"Mjomba, shangazi, nyinyi mnasema uwanja haujai. Simba ikija Mkwakwani, hujaa. Yanga ikija, hujaa. Tatizo lenu si watu. Tatizo lenu ni kwamba watu hao ni wetu. Vijana wa Tanga wenyewe, waliozaliwa Chumbageni, siku hiyo wanavaa nyekundu ya Msimbazi. Wenyeji ni sisi."

"Nao hawaoni haya?" aliuliza mzee.

"Waone haya kwa lipi? Mimi nimezaliwa mwaka 2000. Tangu niwe na akili ya kufuata mpira, nani mwingine amechukua ubingwa?"

Hesabu yake haiko mbali na kweli. Tangu Azam ilipoutwaa ubingwa wa msimu wa 2013/2014, hadi msimu wa 2024/2025 hakuna jina lililoandikwa kwenye kikombe isipokuwa Simba na Yanga. Mtoto huchagua ukoo wa washindi kama anavyochagua kivuli penye jua. Na jambo hili halihusu Tanga peke yake: ni vivyo hivyo Mbeya, Mwanza na Mtwara. Kinachouma Tanga ni kuwa palikuwapo na kitu kabla yake.

Mzee alijaribu njia nyingine, ya kuilaumu televisheni. Tangu mwaka 2013 Ligi Kuu inaonyeshwa na Azam, akasema, na mtu mwenye king'amuzi hana sababu ya kupigwa na jua. Hoja hii ni ya kawaida katika mabaraza yote ya pwani, nayo ina upungufu wake. Kwani bila king'amuzi hicho fundi wa mashua wa Bagamoyo asingejua kama timu yake ilicheza Arusha au ililala. Fedha za matangazo nazo zimezipa klabu ndogo pumzi. Bibi alimkata mara moja: "Kaka, leo umeangalia wapi?" Mzee akanyamaza.

Wakahamia kwenye mambo ya baadaye, ambayo ndiyo mazito. Fainali ya Kombe la Shirikisho ya tarehe 2 Julai 2022 ilikumbukwa kwa urefu, tena ilichezwa Arusha ile ile. Coastal na Yanga zilitoka 3 kwa 3, Abdul Suleiman, yule Sopu, akifunga mabao yote matatu ya Coastal. Yanga ikashinda kwa penalti 4 kwa 1. Haukupita muda Sopu akawa mchezaji wa Azam. Mgunda naye, Septemba ya mwaka huo huo, aliitwa kuishika Simba. "Tunafuga kuku," alisema mzee, "mayai yanakwenda Dar." Kisha msimu wa 2023/2024 timu ikamaliza nafasi ya nne, mafanikio makubwa kwa klabu isiyo na mfuko mnene, na ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Agosti 2024 ilipangiwa Bravos do Maquis ya Angola. Ugenini ilifungwa 3 kwa 0, na marudiano yakawa sare tasa. Marudiano hayo, ambayo yangekuwa sherehe ya mji mzima, yalichezwa Chamazi, katika uwanja wa Azam, Dar es Salaam.

Mzee alilirudia jina la Chamazi mara mbili, polepole. Miaka thelathini na mitano mji ulingoja Afrika ije Mkwakwani, na Afrika ilipokuja ikashukia kwa jirani.

Kijana alikuwa na dawa yake: mwekezaji. Akataja njia ambayo klabu kubwa za Dar es Salaam zimeifuata, ya wanachama kubaki na hisa 51 katika kila 100 na mwenye fedha kuchukua 49. Mwenye fedha ataleta kocha, basi jipya, mishahara ya wakati. Bibi aliuliza swali la mwenye nyumba: huyo mwenye fedha atanunua nini? Uwanja si wa klabu. Mkwakwani, kama viwanja vingi vya mikoani, ni mali ya Chama Cha Mapinduzi. Wachezaji huondoka. Viti kwa siku za kawaida ni vitupu. Kinachobaki ni jina na watu wanaolijibu jina hilo likiitwa.

"Na akiona watu wenyewe hawapo?" akaongeza. "Ataipeleka timu penye watu. Leo Arusha kwa sababu ya uwanja. Kesho Dar kwa sababu ya soko. Sisi tutaambiwa kupitia redio."

Hofu hii si ya kizee tu. Timu inayoweza kucheza nyumbani kwake popote inaweza pia isiwe na nyumba, na jambo likishazoeleka halina wa kulishangaa. Hata hivyo ilikuwa vigumu kumsikiliza bibi bila ya kuliona tundu katika maneno yake, na aliyelitia kidole ni kijana. Aliuliza kwa adabu, akiwa ameshika kichwa cha samaki, kana kwamba anauliza bei.

"Mjomba, samahani. Mara ya mwisho kuingia Mkwakwani ni lini?"

Mzee alifikiri. Akataja mchezo, akajisahihisha kuwa huo aliuona kibandani. Akataja mwingine, huo nao aliusikia redioni, akiwa juu ya mashua. Mwishowe akasema ni mwaka ambao timu ilirudi, yaani msimu wa 2018/2019, tena mchezo mmoja tu, kwa kuwa alikwenda kwenye maziko Tanga na mchezo ukaangukia siku ya pili.

"Na wewe, shangazi?"

"Usiniulize mimi."

"Nakuuliza."

"Simu za mkononi zilikuwa hazijaja," akasema bibi.

Karai lilichemka peke yake. Hapakuwa na aliyemlaumu mwenzake, kwa sababu kila mmoja alikuwa na udhuru wake, na nyudhuru zote zilikuwa za kweli: goti, nauli, wajukuu, bei ya mafuta ya kukaangia. Wapo wengi kama wao. Wako Bagamoyo, Pangani, Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na hata Maskati, watu wa Tanga waliotawanywa na kufungwa kwa viwanda, wanaoijua timu yao kwa majina ya 1988 na kuipenda kwa dhati, na ambao kwa miaka mingi hawajaipatia sauti hata moja. Wakikutana husema uwanja umepoa. Ni kweli umepoa. Moto ule ulikuwa wao, nao walihama.

Mzee alitoa kadi mfukoni, akaitazama kwa mwanga wa taa ya chemli, akairudisha. Ada yake ilikuwa ya zamani kuliko baadhi ya wachezaji waliofungwa mchana ule.

"Kwa barabara ya Msata," alisema baada ya kitambo, kana kwamba anaendeleza mazungumzo mengine, "siku hizi si mbali."

Kijana akashika hesabu. Kutoka Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64, lami tupu. Hapo mtu hungoja basi la Dar es Salaam liendalo Tanga, akapita Segera, na mchana hajafika akawa Ngamiani. Barabara ya pwani, ile ya kupitia Saadani na Pangani, itafupisha zaidi ikikamilika, lakini mzee alisema hana umri wa kuingoja barabara. Hadi Msata kijana angeweza kuwachukua mwenyewe.

"Wote wawili juu ya pikipiki moja?" aliuliza bibi. "Mshikaki? Utatuua kabla hatujafungwa."

"Nitafanya safari mbili."

"Na wewe utaingia upande gani?"

Kijana alicheka, akasema inategemea anacheza nani. Kama si Simba, atakaa nao. Mzee alilipokea jibu hilo kama mtu anayepokea malipo ya nusu, bila shukrani nyingi na bila kuyarudisha.

Kisha kijana akauliza ni wimbo gani hasa waliokuwa wakiuimba siku za Sports, maana kama atakaa upande wao hataki kukaa bubu. Bibi akapangusa mikono kwa kanga. Alianza kwa sauti ya chini, akaimba mstari wa kwanza bila kosa, na sauti ilikuwa bado ipo, imekwaruza kidogo tu. Katika mstari wa pili mzee alimsimamisha. Si hivyo, alisema. Neno la mwisho lilikuwa jingine, ndiyo maana watu wa Sports walikasirika wiki nzima. Bibi akamwambia yeye ndiye aliyeuanzisha wimbo ule, hawezi kusahihishwa na mtu aliyekuwa akipokea. Mzee akasema aliyepokea ndiye anayekumbuka.

Wakabishana hadi mafuta yakapoa. Kijana alikuwa ametoa simu mfukoni ili arekodi, akaishika hewani muda mrefu, akingoja wakubaliane.